Je, Wajua? Sukari Inayoonyesha Njia ya Mbegu Imezibwa Wapi

Karatasi ya majibu imeandikwa kwamba hakuna mbegu iliyoonekana. Mwanamume anaisoma mara tatu, anaikunja, anaitia kwenye mfuko wa shati na kutoka bila kuuliza neno. Nyumbani hamwambii mtu. Miaka inapita, na lawama zinamwangukia mke.

Safu ya leo ni kwa ajili yake, na kwa ajili ya mke huyo. Kipo kipimo cha zamani, kisichohitaji mtambo mkubwa, kinachosaidia kujua kama njia ya mbegu imezibwa na imezibwa upande gani. Hiki ni kipimo cha sukari ya shahawa.

SUKARI YENYEWE

Je, wajua kwamba shahawa ina sukari? Sukari yake kuu ni fruktosi, ileile iliyomo kwenye asali na matunda. Ni tofauti na glukosi, ambayo ndiyo hupimwa kwenye damu ya mwenye kisukari.

Je, wajua kwamba kwa muda mrefu wataalamu walidhani sukari hiyo ni glukosi? Aliyeonyesha kwamba ni fruktosi ni Thaddeus Mann, mtaalamu wa kemia ya viumbe mwenye asili ya Poland aliyefanya kazi Cambridge, Uingereza. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1945 na 1946.

Je, wajua inakotengenezwa? Korodani hazihusiki. Nyuma ya kibofu cha mkojo, juu kidogo ya tezi dume, mwanamume ana vifuko viwili vyembamba, kila kimoja na urefu unaokaribia kidole kidogo cha mkono. Ndivyo vifuko vya shahawa, na fruktosi hutoka humo. Shikilia jambo hili, maana kipimo chote kimejengwa juu yake.

Je, wajua malighafi ni nini? Ni glukosi ya damu. Vifuko huichukua, huigeuza kwanza kuwa sorbitoli, kisha sorbitoli huwa fruktosi. Mbelgiji Henri-Géry Hers aliieleza njia hiyo mwaka 1956 baada ya kuchunguza vifuko vya kondoo. Kwa hiyo anayeuziwa asali na tende kwa ahadi ya kupata mtoto aelewe kwamba vifuko hujitengenezea sukari vyenyewe. Kijiko cha asali hakizibui mrija.

Je, wajua kwamba wanyama hawalingani katika hili? Shahawa ya fahali na ya kondoo dume ina fruktosi tele. Ya nguruwe dume na ya farasi dume ina kidogo mno.

Je, wajua kazi ya sukari hiyo? Ni chakula cha safari. Mbegu huichoma ili mkia upate nguvu ya kupiga.

Je, wajua kwamba mbegu ni sehemu ndogo sana ya shahawa? Ukigawa shahawa mafungu kumi, takribani saba hutoka kwenye vifuko, na mawili hadi matatu hutoka kwenye tezi dume. Kinachotoka korodanini hakijazi hata fungu moja. Mwanamume anaweza kutoa shahawa nyingi, nzito, yenye rangi ya kawaida, na ndani yake isiwemo mbegu hata moja. Macho hayatoshi kujua, wala nguvu za chumbani si ushahidi.

BARABARA YA MBEGU

Je, wajua mbegu hupita wapi? Huanzia korodanini. Huingia kwenye epididimisi, mrija uliojisokota nyuma ya korodani ambao ukinyooshwa hufika kama mita 6. Humo hukomaa. Kisha huingia kwenye mrija wa manii, ambao hupanda kupitia kinena hadi nyuma ya kibofu. Hapo mrija huo hukutana na kifuko cha shahawa, na viwili hivyo huungana kuwa kijia kimoja kifupi, cha sentimita 2 hivi, kinachopenya ndani ya tezi dume na kumwagia kwenye mrija wa mkojo.

Je, wajua kwa nini ramani hiyo ina maana? Fikiria daladala. Mbegu imepanda mwanzo wa njia. Sukari imepandia kituo cha karibu na mwisho. Barabara ikifungwa kabla ya kituo cha sukari, sukari itafika mjini bila mbegu. Ikifungwa baada ya kituo hicho, pande zote mbili, hakifiki chochote: wala mbegu, wala sukari. Daktari anayesoma majibu ya sukari anauliza swali la kondakta: aliyepandia karibu na mwisho amefika?

Je, wajua kwamba kutokuwa na mbegu kabisa kwenye shahawa humpata takribani mwanamume 1 katika kila 100? Miongoni mwa wanaume wanaotafuta mtoto bila kufanikiwa, ni 10 hadi 15 katika kila 100. Sababu ziko za namna mbili: korodani hazitengenezi mbegu za kutosha kutoka nje, au zinatengeneza vizuri lakini njia imezibwa. Karatasi ya majibu huandika sifuri ileile kwa wote wawili, ilhali matibabu yao hayafanani.

KWENYE MEZA YA MAABARA

Je, wajua kwamba msingi wa kipimo hiki ni wa mwaka 1887? Mwanakemia Mrusi Seliwanoff alibuni njia ya kuitambua fruktosi kwa rangi. Hakuwa na shahawa akilini. Alikuwa anatofautisha aina za sukari. Miongo mingi baadaye, maabara za uzazi zikaichukua.

Je, wajua kinavyofanyika? Mtaalamu wa maabara anachukua bomba la kioo lenye kemikali ya risosinoli iliyoyeyushwa kwenye asidi ya haidrokloriki. Anatia kiasi kidogo cha shahawa, anatikisa, analitumbukiza bomba kwenye maji yanayochemka. Pembeni kuna mabomba mengine mawili ya kulinganishia: moja analojua lina fruktosi, jingine analojua halina. Kisha anasubiri. Fruktosi ikiwepo, asidi na joto huivunja, mabaki yake hushikana na risosinoli, na kimiminika huanza kuwa cha rangi ya chungwa na kukolea kuelekea nyekundu. Isipokuwepo, wekundu hauji. Dakika chache tu, na jibu linaonekana kwa macho.

Je, wajua kwamba ipo pia njia ya kupata kiasi kwa tarakimu? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu uchunguzi wa shahawa unaeleza njia inayotumia kemikali ya indoli na mashine ya kusoma ukolezi wa rangi. Kiwango cha chini kinachokubalika ni mikromoli 13 kwa shahawa yote ya mara moja. Kwa uzito, hiyo ni kama miligramu 2.3, yaani punje chache tu za sukari ya chai.

Je, wajua kwamba sukari hupungua sampuli ikicheleweshwa? Mbegu ziko hai na zinakula. Zikiwa nyingi na sampuli ikakaa mezani muda mrefu, zitaimaliza sukari ambayo ilikuwepo. Ndiyo maana sampuli ya sukari hushughulikiwa mapema au hugandishwa.

Je, wajua masharti ya kutoa sampuli? Siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa. Chombo safi kutoka maabara, siyo chupa ya dawa iliyosuuzwa. Hakuna sabuni, mafuta wala kondomu ya kawaida. Ukitolea nyumbani, chombo kikae karibu na mwili kisipoe, na kifike maabara ndani ya saa moja, vizuri zaidi ndani ya nusu saa.

Je, wajua kwamba tone lililomwagika linaweza kubadilisha majibu? Shahawa haitoki ikiwa imechanganyika sawasawa. Mkupuo wa kwanza una maji ya tezi dume na mbegu nyingi; mikupuo ya mwisho ndiyo yenye maji ya vifuko, yaani yenye sukari. Aliyekosa mkupuo wa mwisho ataonekana ana shahawa kidogo na sukari haba, na huenda akaandikiwa ugonjwa asio nao. Aliyekosa wa kwanza ataonekana ana mbegu chache. Wanaume wengi huona haya kusema, kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo, watu walikuwa wanapita mlangoni, na mkono ulitetemeka. Sema. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na hapa neno lao linatimia kama lilivyo.

Je, wajua kwamba shahawa ya kawaida huganda kwanza, kisha huyeyuka? Protini za kwenye vifuko huifanya iwe kama uteute mzito mara inapotoka. Baadaye kimeng'enya cha tezi dume huilainisha, aghalabu ndani ya nusu saa. Maji ya vifuko yasipofika, hakuna cha kugandisha. Shahawa hutoka kidogo, nyepesi kama maji. Mtaalamu mzoefu huanza kushuku kabla hajawasha hadubini.

Je, wajua kwamba sukari ina mashahidi wenzake wawili? Wa kwanza ni ujazo. Toleo la sita la mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, la mwaka 2021, limeweka kiwango cha chini kuwa mililita 1.4. Wa pili ni pH, yaani kiwango cha uasidi au alikali, kinachopimwa kwa kikaratasi kinachobadilika rangi. Maji ya vifuko huivuta shahawa upande wa alikali. Ya tezi dume yana uasidi. pH ikishuka chini ya 7.2, ujazo ukiwa mdogo na mbegu hazipo, kuna dalili kwamba maji ya vifuko hayajafika. Mashahidi watatu wakisema kauli moja, daktari hushika njia.

SUKARI IKIKOSEKANA

Je, wajua kwamba wapo wanaume waliozaliwa bila mirija ya manii? Korodani zao zipo na mara nyingi hutengeneza mbegu vizuri, ila barabara haikujengwa. Aghalabu vifuko vyao navyo havikukua, kwa hiyo sukari hakuna. Katika hali hii vidole vya daktari hupita mashine: mrija wa manii hugusika ndani ya mfuko wa korodani kama kamba nyembamba, ngumu. Vidole vikiutafuta pande zote mbili na visiupate, jibu limepatikana.

Je, wajua kwamba kasoro hiyo ina uhusiano na ugonjwa wa mapafu? Mara nyingi hutokana na hitilafu kwenye jeni ya CFTR, iliyogunduliwa mwaka 1989. Jeni hiyo ndiyo huleta sisti faibrosisi, ugonjwa unaoonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, na zaidi ya asilimia 95 ya wanaume wenye ugonjwa huo hawana mirija ya manii. Wengine hawana mirija lakini mapafu yao ni mazima. Kabla ya kusaidiwa kupata mtoto, mke naye hupimwa jeni hiyo, ili mtoto asije akarithi hitilafu kutoka pande zote mbili.

Je, wajua kwamba kijia kile cha sentimita 2 kinaweza kuzibwa? Huzibwa na uvimbe wenye maji, vijiwe, au kovu la maambukizi. Kipimo cha ultrasaundi kinachopitishwa njia ya haja kubwa huonyesha vifuko vilivyojaa na kutuna kwa kukosa pa kumwagia. Baadhi ya wagonjwa hufanyiwa upasuaji kupitia mrija wa mkojo, na kizuizi kikiondolewa, shahawa yaweza kurudi na sukari yake na mbegu zake.

Je, wajua kwamba kichocho kinafika hadi kwenye vifuko vya shahawa? Mdudu wake alitambuliwa na Mjerumani Theodor Bilharz jijini Cairo mwaka 1851. Aina ya kichocho inayotoa mkojo wa damu ipo Unguja na Pemba, ipo pwani ya Kenya, ipo vijijini kwenye madimbwi na mabwawa ya kanda ya ziwa. Watu hukijua kwa damu kwenye mkojo. Wachache hujua kwamba mayai ya mdudu huyo hujikita pia kwenye vifuko na tezi dume, huleta damu kwenye shahawa, na huacha makovu na chokaa. Mvuvi, mkulima wa mpunga na kijana aliyekulia kuogelea bwawani, wote wamwambie daktari habari hiyo, hata kama miaka imepita. Dawa ya prazikwanteli huua mnyoo. Kovu lililokwisha kujengeka ni kazi nyingine, na hivyo kutibiwa mapema ni bora.

Je, wajua kwamba sukari inaweza kushuka bila njia kuzibwa? Vifuko hufanya kazi kwa amri ya testosteroni. Homoni hiyo ikipungua sana, vifuko hunywea, na maji yao na sukari hupungua.

Je, wajua kwamba shahawa inaweza kurudi nyuma? Mlango wa kibofu usipofunga wakati wa kilele, shahawa huingia kibofuni badala ya kutoka. Hutokea kwa baadhi ya wenye kisukari cha muda mrefu, waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume, na wanaotumia dawa fulani za tezi hiyo. Jibu liko kwenye mkojo: mwanamume hukojoa baada ya kilele, na maabara hutafuta mbegu humo.

SUKARI IKIPATIKANA

Je, wajua kwamba mwanamume aliyefunga uzazi ana sukari kama kawaida? Vasektomi hukata mrija wa manii chini, kabla haujafika kwenye vifuko. Vifuko vinaendelea na kazi yao, na ujazo wa shahawa haubadiliki sana.

Je, wajua kwamba kisonono na klamidia hufanya jambo linalofanana, bila ridhaa ya mtu? Maambukizi yasiyotibiwa hupanda hadi kwenye epididimisi na kuacha kovu. Mbegu hubaki nyuma yake. Sukari ipo, ujazo upo, mbegu hakuna.

Je, wajua kwamba sukari peke yake haitoshi? Hapa ndipo wengi hukosea. Korodani zilizoshindwa kazi nazo huacha sukari ikiwepo: aliyeugua matubwitubwi baada ya kubalehe na korodani zikavimba, au aliyezaliwa na kromosomu ya X ya ziada, hali iliyoelezwa na Mmarekani Harry Klinefelter mwaka 1942. Ili kuwatenganisha na mwenye kovu la epididimisi, daktari hupima ukubwa wa korodani na homoni ya FSH. Korodani ndogo na FSH ya juu huashiria kiwanda kilicholemewa. Korodani za kawaida na FSH ya kawaida huelekeza kwenye njia.

Je, wajua kwamba sukari nyingi haimaanishi uwezo mkubwa wa kuzaa? Kipimo hiki hakihesabu mbegu wala hakipimi mwendo wake. Hufanywa hasa mbegu zinapokosekana na ujazo ukiwa mdogo. Wapo madaktari ambao leo hutosheka na ujazo, pH na ultrasaundi. Anayeuziwa kipimo cha sukari wakati mbegu zake zinaonekana vizuri ana haki ya kuuliza kinatafuta nini.

BAADA YA MAJIBU

Je, wajua kwamba sifuri ya mara moja haitoshi? Kabla ya kusema hakuna mbegu, maabara huzungusha shahawa kwa kasi kwenye mashine ili chochote kilichomo kituame chini, kisha masimbi hayo huchunguzwa kwa hadubini. Kipimo hurudiwa siku nyingine. Kutengenezwa kwa mbegu huchukua kama siku 70, kwa hiyo homa kali ya miezi miwili iliyopita inaweza kuonekana kwenye sampuli ya leo.

Je, wajua kwamba njia ikifungwa, mbegu zinaweza kufuatwa zilipo? Daktari huzichukua kwa sindano kwenye epididimisi au korodanini. Mwaka 1992, Gianpiero Palermo na wenzake jijini Brussels, Ubelgiji, walitangaza mimba za kwanza zilizopatikana kwa kudunga mbegu moja ndani ya yai moja. Tangu hapo mwanamume mwenye sifuri kwenye karatasi anaweza kuwa baba wa damu. Gharama ni kubwa na mafanikio hayana uhakika, lakini mlango upo.

Je, wajua kwamba hali hii si ya wachache? Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema takribani mtu 1 kati ya 6 hukumbana na ugumba katika maisha yake. Katika karibu nusu ya ndoa zinazohangaika, upande wa mwanamume umo katika sababu, peke yake au pamoja na wa mke. Hata hivyo ni mke anayepelekwa kwa mganga, anayesemwa na mawifi, anayerudishwa kwao. Mke hupitia dawa, sindano na vipimo vinavyouma kwa miaka, wakati kikombe kimoja cha mume kingetoa mwanga ndani ya asubuhi moja. Mwaka mmoja wa kujaribu bila kinga ukipita bila mimba, wapimwe wote wawili, siku moja.

Je, wajua maswali ya kuuliza karatasi ikisema hakuna mbegu? Ni matatu, na yanaingia kwenye pumzi moja. Shahawa yangu ilikuwa mililita ngapi? pH yake ilikuwa ngapi? Sukari ilikuwepo? Ndugu yangu uliyeikunja karatasi na kuitia mfukoni, ikunjue. Rudi nayo, mwambie daktari kama kuna tone lililomwagika, mwambie habari za bwawa la utotoni na kisonono cha ujanani, kisha uulize hayo matatu. Na ukirudi, mchukue mkeo mwende pamoja.